Injini ya Gari la Nyumbani: Ni Kazi ya Mkono Wako au ya Karakana?

Na Mwandishi Wetu

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Nyanda za Juu Kusini hujaa magari madogo yaliyobeba familia nzima: baba, mama, watoto watatu au wanne, na mizigo ya kuwapelekea wazee. Safari huwa njema mpaka Ruaha Mbuyuni. Ukishapita hapo na kuanza kuupanda mlima Kitonga, ndipo kila mwenye gari huijua injini yake.

Mwandishi wa makala haya aliijua ya kwake katika mlima huo. Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990, lenye injini ambayo mafundi huiita 5A, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,498. Tulikuwa watu watano, na nyuma tumepakia mchele, sukari na cherehani ya kumpelekea shangazi. Basi lililotufuata lilipiga honi mfululizo. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho. Gari likaguna tu, mwendo usiongezeke. Siku ile nikaazimia kwamba, tukirudi salama, injini hii lazima iongezwe nguvu.

Tuliporudi likazuka swali ambalo wenye magari wengi hulikabili: je, kazi hiyo apewe fundi wa karakana na kulipwa, au mwenye gari akunje mikono ya shati aifanye mwenyewe nyumbani? Swali hili si la mafundi peke yao. Ni swali la bajeti ya nyumba, kwa sababu fedha inayoingia katika injini mwezi wa Januari ndiyo hiyo hiyo inayongojewa na ada za shule.

NGUVU YA INJINI HUTOKA WAPI

Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipoifanikisha injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, kanuni haijabadilika. Pistoni inashuka na kunyonya hewa iliyochanganyika na petroli; inapanda na kuubana mchanganyiko huo; plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu; kisha pistoni inapanda tena na kuutoa moshi. Katika mapigo hayo manne, moja tu ndilo linalozalisha nguvu.

Watu wengi hudhani kwamba nguvu hutokana na petroli, na kwamba ukiongeza petroli umeongeza nguvu. Sivyo. Petroli haiwaki bila hewa, na kila kipimo cha petroli huhitaji hewa ya uzito wa karibu mara 15 ya uzito wake. Kwa hiyo kazi yote ya kuongeza nguvu ni kazi ya kuiwezesha injini kuvuta hewa nyingi zaidi, au kuitumia vizuri zaidi ile inayoivuta. Njia kubwa ni tatu: kupanua nafasi ya silinda, kuisukuma hewa ndani kwa mashine ya turbo, au kuubana mchanganyiko zaidi kabla haujawaka.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo laiti ningalilijua pale Kitonga, ningejiepusha na hasara kubwa. Hewa ya milimani ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa kadirio la kawaida, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Mji wa Iringa uko juu kiasi cha mita 1,600. Maana yake ni kwamba gari lililoondoka Dar es Salaam likiwa zima kabisa hufika Iringa likiwa na pungufu ya karibu asilimia 15, bila kuwa na ugonjwa wowote. Gari langu halikuwa linaumwa sana. Lilikuwa limepakiwa kupita kiasi, likivuta hewa nyepesi, na dereva wake alichelewa kuliweka gia ya chini.

KIJIKO KIMOJA CHA CHAKULA

Ushauri wa kwanza niliopewa mtaani ulikuwa wa kuchonga bloku, yaani kuzipanua silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi. Niliambiwa kwamba gari litakuwa jipya na nguvu zitaongezeka maradufu. Ndugu msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu pamoja.

Silinda ya injini ya 5A ina kipenyo cha milimita 78.7, na pistoni husafiri milimita 77. Ukizidisha eneo la duara kwa safari hiyo, kisha kwa silinda nne, unapata sentimita za ujazo 1,498. Tuseme sasa bloku inachongwa ili kupokea pistoni zilizozidi kwa milimita 0.50, ambacho ni kipimo cha kawaida. Kipenyo kinakuwa milimita 79.2, na ujazo unafika 1,517. Ongezeko ni sentimita za ujazo 19, sawa na kijiko kimoja cha chakula na ziada kidogo. Kwa asilimia, halifiki hata moja na nusu.

Hii haimaanishi kwamba kuchonga bloku ni upuuzi. Silinda iliyolika huacha kuwa duara kamili, ringi za pistoni hazishiki vizuri, mbano hupotea na oili huungua. Kuchonga ni dawa ya ugonjwa huo, nayo huirudishia injini nguvu zilizopotea. Lakini anayekushawishi kuichonga bloku iliyo nzima ili gari lipate nguvu mpya, anakuuzia kijiko kimoja kwa bei ya ndoo.

Ushauri wa pili ulikuwa wa kuitoa injini yote na kuweka ya mtumba kutoka Japani ya jamii hiyo hiyo lakini kubwa zaidi: ile ya 7A iliyotumika katika Carina, yenye ujazo wa 1,762. Hapo ongezeko ni kubwa, karibu asilimia 18. Lakini tazama: ukipunguza asilimia 15 ya Iringa kutoka 1,762, unabaki na karibu 1,500. Kwa maneno mengine, injini kubwa ile ikiwa Iringa huvuta hewa sawasawa na injini yangu ndogo ikiwa Dar es Salaam. Mtu anayeishi Iringa au Mbeya anaweza kuona faida yake kila siku. Anayekwenda huko mara moja kwa mwaka ajiulize mara mbili.

NILICHOKIFANYA KWA MIKONO YANGU

Sikujiuliza hata mara moja. Niliona gharama za injini nyingine ni nzito, nikachagua njia ya tatu, ya kuongeza mbano, tena kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ukiifungua silinda hedi, ukaupunguza uso wake kidogo, nafasi ya juu ya pistoni hupungua na mbano huongezeka. Kwa nadharia hilo ni kweli. Injini hizi hubana mchanganyiko kwa uwiano wa kati ya 9 na 10 kwa 1, na ukipandisha uwiano huo nguvu huongezeka kidogo. Ukizidisha, mchanganyiko hujiwakia wenyewe kabla ya wakati, injini ikaanza kugonga na pistoni zikaharibika.

Nikishirikiana na mpwa wangu, tuliifungua silinda hedi uani Jumamosi moja. Tulibandika msasa juu ya ubao, tukausugua uso wa hedi mpaka ukang'aa. Tulirudisha kila kitu na kukaza boliti zote kumi kwa spana iliyoongezwa bomba, kwa nguvu zote za mikono miwili. Injini ilipowaka tulishangilia kama waliofunga goli.

Siku ya kumi na moja, nikitoka kazini, sindano ya joto ilipanda hadi kwenye alama nyekundu. Nilisimama pembeni, nikangoja rejeta ipoe ndipo nikafungua. Maji yalikuwa yamepungua sana. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: rangi yake ilikuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamepita kwenye gasketi na kuingia katika oili.

KARAKANA NAYO

Wako watakaosema, "Si ungekwenda kwa fundi tangu mwanzo!" Nilikwenda, na huko nako nilijifunza. Karakana ya kwanza niliyoiendea iliniandikia orodha ndefu: gasketi, ringi za pistoni, beringi. Nililipa, nikaliacha gari, nikalichukua baada ya siku nne. Sikuonyeshwa kipuri chochote cha zamani, wala sikuomba. Haukupita muda mrefu, maji yakaanza kupungua tena. Ilipofunguliwa mahali pengine, ilionekana kwamba ringi ni zile zile za zamani na hedi haikupimwa kabisa. Ilikuwa imefutwa kwa kitambaa na kufunikwa.

Mahali hapo pa pili palikuwa Gerezani, kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kuchongea. Hakusema mengi. Alilaza rula ya chuma juu ya uso wa hedi, akachukua kibamba chembamba cha kupimia nafasi, cha unene wa milimita 0.05, akakipitisha chini ya rula. Kikapita. Akachukua cha milimita 0.10. Nacho kikapita. Kitabu cha injini ile hakiruhusu hedi kupinda zaidi ya milimita 0.05. Unywele wa binadamu una unene wa karibu milimita 0.07. Mimi na msasa wangu tulikuwa tumeupotosha uso ule kwa zaidi ya unywele mmoja, na unywele huo ndio ulioyapitisha maji.

Fedha iliyolipia makosa yote hayo ilikuwa ya mama watoto. Yeye hushona sare za shule, na Januari ndiyo mwezi wa mavuno yake. Fedha ile ilikuwa imetengwa kwa ada ya mtoto wetu wa pili. Tuliilipa ada hiyo kwa kuchelewa, baada ya mtoto kurudishwa nyumbani siku mbili. Sijasahau jinsi alivyoingia mlangoni saa nne asubuhi na begi lake mgongoni.

SOMO LA CHEREHANI

Usiku ule mama watoto hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Baba, umewahi kuniona naifungua cherehani yangu?" Nikajibu hapana. Akaniambia: "Mafuta natia mwenyewe kila asubuhi. Sindano nabadilisha mwenyewe, mkanda nakaza mwenyewe. Lakini ikianza kuruka mishono, kidude cha chini kinachobeba uzi kikawa hakikutani na sindano kwa wakati wake, siigusi. Naipeleka kwa fundi. Tena siiachi na kuondoka. Nasimama hapo hapo mpaka amalize."

Katika maneno hayo mna jibu la swali letu. Kazi ambayo kosa lake huonekana kwa macho na kurekebishwa kwa fedha ndogo, ifanye mwenyewe. Kazi ambayo usahihi wake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, mpe mwenye mashine na vipimo, tena simama umwangalie.

KAZI ZA NYUMBANI

Zipo kazi nyingi zinazoirudishia injini nguvu ambazo mfanyakazi wa kawaida aweza kuzifanya Jumapili kwa spana chache. Kubadilisha oili na filta yake. Kusafisha au kubadilisha chujio la hewa. Chujio lililojaa vumbi huinyima injini pumzi kila dakika. Kubadilisha plagi na kuhakikisha nafasi ya cheche ni ile iliyoandikwa kitabuni. Kubadilisha filta ya petroli pale inapofikika. Kupima upepo wa matairi, maana tairi laini hula nguvu kama mlima. Kukagua mipira ya maji na rejeta.

Kazi hizo hazina sifa za kusimulia kijiweni, lakini kwa gari lililotumika miaka mingi ndizo huleta badiliko la haraka kwa gharama ndogo. Anayetaka kujifunza zaidi, vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa kozi fupi za ufundi wa magari, na si lazima uwe kijana ili kusoma.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka viegemeo imara vya chuma, wala si matofali, ambayo hupasuka ghafla. Ondoa waya wa betri kabla ya kugusa mfumo wa petroli, na usiwe na sigara wala jiko karibu. Usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Oili chafu usiimwage mtaroni; ihifadhi katika dumu uipeleke kwa wanaoikusanya.

KAZI ZA MWENYE MASHINE

Kunyoosha uso wa hedi, kuchonga bloku, kuchonga krenki, kukalisha valvu na kupima mbano wa kila silinda ni kazi za vipimo. Hata kukaza boliti za hedi kuna utaratibu wake: huanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, na kwa spana maalumu inayoonyesha mkazo. Mkono wa mtu, hata uwe na nguvu namna gani, hauwezi kukaza boliti kumi kwa mkazo mmoja.

Kabla hujaamua kuokoa fedha ya ufundi, andika hesabu kamili. Tuseme, kwa mfano tu, fundi anadai shilingi 400,000 za kazi ya mikono. Upande wa pili wa karatasi andika bei ya spana ya mkazo utakayoitumia mara moja katika miaka mitano, kukodi winchi ya kuinulia injini, nauli za familia kwa wiki zote ambazo gari litalala uani, na gasketi ya pili endapo ya kwanza itakosewa. Wengi wakimaliza kujumlisha huona kwamba walichodhani ni akiba kilikuwa deni.

MASHARTI YA KUMPA FUNDI KAZI

Kulipa si kujivua wajibu. Kabla ya kuliacha gari, andika namba ya injini na kiasi cha mafuta kilichomo. Taka orodha ya kazi na vipuri kwa maandishi, bei ya kila kimoja mbali na ya ufundi. Vipuri nunua mwenyewe au uende pamoja na fundi, na udai risiti. Sema mapema kwamba utachukua vipuri vyote vya zamani. Sharti hilo moja lingeniokolea nusu ya hasara yangu. Omba kuonyeshwa vipimo, kabla na baada ya kuchonga. Fundi mwaminifu huona fahari kuvionyesha. Asiyetaka kupima mbele yako, muage kwa heshima. Malipo yagawe: sehemu mwanzoni, sehemu injini inapowaka, na iliyobaki baada ya kuliendesha gari siku chache.

Na yule aliyeamua kuweka injini kubwa, akumbuke kwamba kadi ya gari hubeba namba ya injini na ujazo wake. Mamlaka ya usajili iarifiwe na kadi irekebishwe, na bima ielezwe. Kadi isiyolingana na injini huleta matatizo siku ya kuuza gari, na zaidi siku ya ajali. Aidha, breki na rejeta zilizotosha injini ya zamani huenda zisiitoshe mpya. Gari linalopanda Kitonga kwa kasi ni lazima liweze kuuteremka mlima huo salama.

TULIRUDI KITONGA

Mzee wa Gerezani aliunyoosha uso wa hedi kwa mashine, akaweka gasketi mpya na ringi mpya nilizonunua mwenyewe, akakaza boliti kwa hatua tatu huku mimi nikihesabu. Plagi, filta na oili nilibadilisha mwenyewe uani, pamoja na mpwa wangu. Ujazo wa injini ni ule ule, 1,498.

Desemba iliyofuata tulisafiri tena. Mizigo mizito tuliitanguliza kwa basi. Tulipofika chini ya mlima niliingiza gia ya chini mapema, nikashika upande wangu wa barabara nyuma ya lori, na sikujaribu kulipita. Tulipanda polepole, sindano ya joto ikiwa katikati. Mtoto wetu wa pili, aliyekuwa amekaa nyuma, aliuliza kama gari limebadilishwa injini. Mama yake akamjibu kwamba injini ni ile ile, na ada ya Januari iko bahashani.